Buibui Aliyegoma Kula

Pamba iliyotoka shambani ina harufu ya mafuta na vumbi, na ikirundikwa ndani ya nyumba kwa majuma kadhaa inapata joto, harufu ikawa nzito kiasi kwamba mgeni akiingia anapiga chafya. Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya kiangazi. Lori la kuibeba lilikuwa linachelewa kila mwaka, basi baba aliijaza kwenye chumba kizima mpaka karibu na paa, na sisi watoto tukalala juu yake kwa raha zetu, hatuna habari ya godoro. Lakini mwaka ninaousimulia pamba ile ilikuwa na kazi nyingine. Kaka yangu Masanja alikuwa hawezi tena kulala chali. Akijaribu, pumzi inamkata, anainuka akihema. Mama akamchimbia kiti ndani ya lile rundo, akamkalisha humo mgongo umeegemea na miguu imenyooshwa, na hapo ndipo alipokaa mchana na usiku, nyuzi nyeupe zimemganda nywele zote. Mimi nilimcheka nikamwita mzee. Alikuwa darasa la tano, mimi la pili, na tulikuwa wawili tu.

Tulikuwa tunakaa upande wa Mhunze, katika kijiji kipya cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari mmoja na miti haijaota bado. Maradhi ya Masanja yalianza kimzahamzaha. Koo lilimuuma, likapona lenyewe. Baadaye goti likavimba, likapoa, uvimbe ukahamia kwenye kiwiko, nasi tukasema ni mambo ya mpira wa shuleni. Siku aliposhindwa kufika kisimani bila kukaa chini njiani ndipo baba alipompeleka hospitali Shinyanga mjini. Wakaambiwa ni moyo. Wakapewa vidonge, wakaambiwa chumvi mwiko, na daktari akamwambia baba kwamba mtoto huyu lazima ale, asipokula dawa haitamsaidia. Baba yangu hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa kuelewa mambo ya moyo, lakini hilo la kula alilielewa. Alirudi nalo nyumbani, na tangu siku hiyo macho yake yalikuwa kwenye sahani ya Masanja.

Taabu ni kwamba Masanja alikuwa hataki chakula. Ugali wa mtama usio na mboga ya chumvi aliutazama tu. Michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa alisema inamkaba. Maziwa ya mgando alikunywa vijiko viwili, akageukia ukuta. Mama alibembeleza, akakasirika, akaenda kulia jikoni, akarudi kubembeleza tena. Ndipo alipoingia buibui, na nitamweleza vizuri, maana watoto wa siku hizi nikiwaambia buibui wanafikiria wale wadogo wa kwenye kona ya dari.

Buibui wa aina ile hawatandi nyavu za kunasia nzi. Wanakaa ardhini, katika shimo walilochimba wenyewe, na wanafikia ukubwa wa kiganja cha mtoto. Wana manyoya ya kahawia mwili mzima, miguu minene, na meno mawili meusi yaliyokunjwa chini ya uso. Baba alimfukua alipokuwa anachimba choo, akainua jembe amponde. Masanja, wakati ule bado anatembea tembea, akasema, "Baba, niachie huyo." Baba akamwangalia yeye, akamwangalia buibui. "Wa nini?" "Wa kumtazama." Mama alisema ndani ya nyumba yake hakiingii kitu kama hicho. Kiliingia. Mwenye duka alikuwa ametupa chupa kubwa ya kioo, ile ya kuwekea peremende, kwa sababu ilikuwa na ufa. Masanja akaijaza udongo mpaka nusu, akafunga mdomo kwa kitambaa cha amerikani, na baada ya muda buibui akachimba shimo lake kando ya kioo, kwa hiyo ukiigeuza chupa unamwona mpaka chumbani kwake. Masanja akambatiza jina la Karani, kwa heshima ya karani wa mizani ya pamba. Alisema wote wawili wanakaa mlangoni, hawasemi na mtu, na kinachopita mbele yao lazima kipungue.

Mimi nilipewa kazi ya kuwinda. Niseme ukweli, buibui nilikuwa namwogopa na mpaka leo namwogopa, lakini panzi nilikuwa nawaweza. Nilikamata panzi kwenye mabua makavu ya mtama, mende kwenye kuni, nyenje chini ya mawe, nikawaleta ndani wakirukaruka kwenye ncha ya kanga ya mama. Masanja alikuwa anachagua. Panzi mkubwa kuliko tumbo la Karani alimkataa, maana alisema mwenye nguvu anaweza kumrudishia mateke. Ukimtumbukiza panzi, Karani alikuwa hashtuki. Alibaki amekaa mlangoni, miguu ya mbele imegusa ardhi kidogo tu. Hakuwa anatazama, alikuwa anasikiliza kwa miguu. Panzi akitembea huku, mguu mmoja unainuka polepole. Akisimama, na mguu unasimama. Halafu ghafla, kabla hujapepesa jicho, panzi yuko mdomoni na meno yameshaingia, na wewe hukuona lilivyotokea. Nilipiga kelele kila mara, na kila mara Masanja alinicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Lakini kilichompendeza zaidi ni kilichofuata. Karani alikuwa na adabu yake mezani. Akishakamata, hakukimbilia shimoni. Aliinuka juu ya ncha za miguu, panzi bado anamning'inia mdomoni, akaanza kuzunguka taratibu mahali pamoja huku akigusisha makalio chini, anatandika uzi mweupe, anazunguka tena, anatandika, mpaka kikatokea kimkeka chepesi juu ya udongo. Ndipo alipokaa kula. Na kula kwake si kutafuna. Alikuwa anaponda na kufyonza, anaponda na kufyonza, muda mrefu wa kutosha mama kupika ugali na kuupakua, na mwishoni panzi mzima amebaki kidonge kikavu mfano wa punje ya choroko. Kidonge hicho alikibeba na kukiweka pembeni, mbali na mlango. "Ana usafi kuliko wewe," Masanja aliniambia.

Siku moja mama aliingia na uji wakati Karani anatandika mkeka. Masanja hakuondoa macho kwenye chupa, na mama, mwanamke mwerevu yule, akajaza kijiko akakipeleka mdomoni mwake bila kusema kitu. Akameza. Akapeleka kingine. Karani anafyonza, Masanja anameza, mpaka bakuli likaisha. Mama alitoka nje na bakuli tupu akalionyesha kwa baba. Tangu hapo likawa jambo linalojulikana nyumbani: Karani akila, Masanja anakula. Masanja mwenyewe akalitamka, akasema si vizuri mmoja ale mwenzake amekaa tu.

Hapo baba naye akaingia kazini. Mtu ambaye sikumbuki hata siku moja akicheza na mtoto, alianza kurudi kutoka shambani na panzi kwenye mfuko wa shati. Alikaa chini kwenye pamba karibu na Masanja, wakaweka chupa katikati, wakabishana. Baba alisema Karani anapenda nyenje zaidi kwa sababu ni laini. Masanja akasema nyenje ana maji mengi, ndiyo maana akimla hagusi kile kifuniko tulichomwekea maji siku hiyo. Baba akasema tutajaribu kesho. Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akisema na mmoja wetu namna ile. Masanja alipata nafuu kidogo, uvimbe wa miguu ulipungua, na mama akaanza kuimba tena akitwanga.

Karani hawezi kula kila siku, hilo tulishalijua. Akila panzi mkubwa hupumzika, na siku za mapumziko mama alipata tabu lakini alivumilia. Mara hii mapumziko yakapita kiasi. Nikatia panzi, Karani akamsogelea, akamgusa, akarudi nyuma kama aliyeguswa na moto. Nikatia nyenje, akampiga teke. Tumbo lake lilikuwa limenenepa na rangi imefifia, imekuwa ya vumbi. Masanja akasema labda ameshiba. Juma likaisha. Karani akaziba mlango wa shimo lake kwa utando mzito, akajifungia ndani, na kwenye kioo tulimwona amejikunyata hasogei.

Na Masanja akaacha kula. Sidhani alikuwa anafanya ukaidi. Alikuwa anajitahidi, unamwona anachukua kijiko, anatazama chupa, anakirudisha. Miguu ikavimba tena, na safari hii uvimbe ukapanda mpaka tumboni. Baba alihangaika kuliko nilivyowahi kumwona akihangaikia ng'ombe au mvua. Alileta viwavi kutoka kwenye pamba, akaleta kumbikumbi, akaleta kitoto cha mjusi. Alichana ule utando kwa kijiti na kuning'iniza panzi mbele ya mlango, mtu mzima amepiga magoti, anasema, "Kula basi. Kula, bwana." Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni.

Asubuhi moja Masanja bado amesinzia, baba akaigeuza chupa, akabaki ameinama juu yake. Nikachungulia. Karani alikuwa amelala chali, miguu yote juu. Kwetu mdudu aliyelala chali amekufa, hilo halina mjadala, mende ni hivyo na panzi ni hivyo. Baba akaweka kidole mdomoni akaniashiria nimfuate nje. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mgonjwa haambiwi msiba. Umenisikia, Milembe?" Nikasema nimesikia. Nilijua ndivyo ilivyo. Bibi yetu alipokuwa mgonjwa, mdogo wake alifariki na yeye akaambiwa amesafiri kwenda Geita, akaendelea kumsalimia kwa watu mpaka naye akatutoka. Watu hawakuona huo ni uongo, walikuwa wanamlinda mgonjwa.

Baba alimtoa Karani kwa kipande cha gunia, taratibu, akamlaza chini ya ua wa minyaa nyuma ya nyumba, mbali na kuku. Akachukua jembe akaondoka. Alirudi jua limeshakuwa kali, na ndani ya kitambaa alikuwa na buibui mwingine, mkubwa vilevile, wa kahawia vilevile. Mkono wake wa kulia ulikuwa umevimba mpaka vidole havikunjiki. Masanja alipomuuliza, alisema ni mwiba. Chupa alisema aliitoa nje kuisafisha, na Masanja akasema, "Haya."

Nikatia panzi. Yule mgeni alikuwa na njaa. Alimrukia mara moja, akamkumbatia, akazama naye shimoni moja kwa moja, tukabaki tunatazama shimo. Baba alicheka kwa sauti, kitu ambacho hakikuwa kawaida yake. "Umeona? Amekula." Masanja alitazama chupa, akautazama mkono wa baba, kisha akamtazama baba usoni muda mrefu kidogo. Akasema, "Amekula, baba. Leteni uji." Alikunywa bakuli lote, kijiko kwa kijiko, na niliona jinsi kila kijiko kilivyomgharimu. Baba akatoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta, uso ameufunika kwa ule mkono mzima.

Baba na mama walipokwenda shambani Masanja aliniita karibu. "Huyu siye," akasema. Nikamwambia ndiye. "Milembe, Karani hali bila kutandika. Huyu amekimbia na chakula shimoni kama mwizi. Niambie Karani yuko wapi." Nikamweleza yote, kuanzia kulala chali mpaka ua wa minyaa, nalia. Hakulia. Akaniambia nikamletee, hata akiwa amekauka.

Chini ya minyaa nilimkuta Karani palepale, lakini nilipomwinua kwa kijiti alikuwa mwepesi kuliko jani. Nikampeleka ndani. Masanja akamweka kiganjani, akamgeuza. Mgongo ulikuwa umefunguka kama kifuniko, na ndani hamna kitu. Miguu yote mitupu mpaka kwenye kucha, meno yapo, manyoya yapo, mwenyewe hayupo. Nyoka tulijua anajivua gamba, ngozi zake tumeziokota mara nyingi, lakini kuhusu buibui hakuna aliyekuwa ametuambia. Masanja alikaa akiliangalia lile gamba, halafu nikaona uso wake unafunguka. "Hakufa," akasema. "Alikuwa anavua. Ndiyo maana alikuwa hali. Utakulaje wakati unabadilisha mpaka meno?" Akacheka, pumzi ikamkata, akacheka tena. Sijawahi kumwona mtu amefurahi hivyo, na nimeshahudhuria harusi nyingi.

Nikasema nakimbia kumwambia baba. Akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Usimwambie. Akijua alimtoa akiwa hai atajilaumu. Muache ajue nimedanganyika." Akaliponda lile gamba kwenye kiganja, likawa unga, akaupuliza kwenye pamba. Tangu siku hiyo baba anamdanganya mwana, na mwana anamdanganya baba, na uji unaliwa, na mimi katikati nimefunga mdomo. Mgeni alikula vizuri, panzi baada ya panzi. Masanja akamsifu mbele ya baba, akamwita Karani, na baba akawa anafurahi.

Uji haukutosha. Lori la pamba lilipofika, Masanja alipakiwa juu ya marobota pamoja na baba na mama wakampeleka mjini, nami nikaachwa nyumbani na ile chupa, jirani yetu Mama Ngolo akinitunza. Baba alirudi peke yake. Nilimkimbilia nikamwamkia, "Shikamoo baba, Masanja yuko wapi?" Akasema, "Marahaba. Anakuja kesho na mama yake." Nikauliza kama anakula. Akasema anakula. Akapita moja kwa moja mpaka kwenye chupa, akatoa panzi kwenye mfuko wa shati, akamtumbukiza. Nyuma yake wanaume wa kijiji walikuwa wameanza kufika, wanakaa nje kimya, na Mama Ngolo aliniambia ni wageni wa baba. Nilikuwa mdogo lakini sikuwa mjinga. Nilikuwa nimeshamwona baba akisema ni mwiba. Nikamwambia, "Vizuri, baba," nikakaa karibu naye, tukamtazama buibui akila. Kesho yake lori liliporudi, sauti ya mama ilitangulia kabla halijasimama.

Baada ya mazishi baba aliendelea kumlisha buibui yule. Hakuna aliyemuuliza. Alileta panzi kila jioni, akakaa chini kwenye chumba ambacho sasa hakina pamba, akasema naye maneno ambayo sikuyasikia. Mvua za kwanza zilipokaribia, buibui akakataa panzi. Tumbo limenenepa, rangi imefifia. Baba akasema, "Na huyu naye," akaenda kulala mapema. Mimi nilijua kinachokuja. Nilijua kwamba akilala chali, baba safari hii hatakuwa na moyo wa kumtoa, atakaa naye, na ataona mgongo unafunguka na buibui mzima anatoka ndani yake. Na ataelewa alichokitoa siku ile kwa kipande cha gunia.

Basi alfajiri niliibeba chupa, mimi ninayeogopa buibui, mpaka kwenye kichuguu, nikailaza. Nikangoja mpaka akatoka. Baba aliporudi nikamwambia kitambaa kilifunguka, ametoroka. Alinitazama. "Hata mnyama wa kaka yako umeshindwa kumtunza," akasema, na hakunisemesha tena mpaka tulipoanza kupanda. Nilipokea. Ningesema neno moja tu ningejisafisha, na nilikuwa na umri wa kupenda sana kujisafisha.

Siku hizi ninakaa Kahama. Mji umechangamka kwa dhahabu, pikipiki hazilali, na kuna zahanati kila mtaa. Majuzi nilimpeleka mjukuu wangu, koo linamuuma. Yule tabibu kijana hakungoja, akampa dawa na kuniambia nimalizishe dozi yote, maana koo la mtoto likipuuzwa linaweza kuja kuharibu moyo. Alisema kwa kawaida tu, kama mtu anayekuambia ufunge mlango. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia mpaka mjukuu akaona haya. Nililia kwa hasira. Kumbe ilikuwa ni koo. Kumbe ilikuwa kitu cha kutibiwa na kurudi shule kesho yake.

Baba nilimchukua kutoka kijijini, akawa anakaa kwangu, amekula chumvi nyingi na meno yamekwisha. Mwaka jana aliugua, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akagoma kula. Nilimpa uji mwenyewe, nimekaa kitandani. Siku moja akasukuma kijiko pembeni. "Milembe, yule buibui. Masanja aliwahi kujua?"

"Hakujua, baba."

"Hata mwishoni?"

"Hata mwishoni. Aliniambia Karani wake anakula vizuri."

Alifikiri kidogo, machozi yanamtoka na hayafuti. "Basi afadhali," akasema, akafungua mdomo, nami nikamlisha.